Leseni ya TV hapa Uingereza: barua haziishi, nilipe au nisilipe?

Neema_Northampton aliuliza:

Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari zenu. Naomba msaada kwa wanaoijua Uingereza kuliko mimi.

Nimekuja kwa viza ya kazi ya kutunza wazee. Naishi Northampton kwenye nyumba ya vyumba vitano, kila mtu na chumba chake na mkataba wake na mwenye nyumba, jiko na sebule tunachangia. Sebuleni kuna TV kubwa ukutani, tuliikuta pale, hakuna anayejua ni ya nani. Mimi chumbani sina TV, nina simu na laptop tu.

Sasa kuna barua za leseni ya televisheni zinakuja. Hazina jina la mtu, zimeandikwa tu kwa "mkaaji halali" wa anwani hii. Ya kwanza ilikuwa ya upole. Iliyofuata ilikuwa na maandishi mekundu. Ya juzi inasema afisa anaweza kufika siku yoyote. Wenzangu wa nyumbani kila mmoja ana lake: kaka mmoja wa Ghana anasema chana, tupa. Dada wa Kerala, India, amelipa ya chumba chake na siku hizi anatuangalia kama wezi. Binamu yangu aliyeko Birmingham ananishauri ninunue ile ya TV ya nyeusi na nyeupe, eti bei yake ndogo na hakuna anayekuja kukagua rangi.

Kusema kweli ninachoangalia ni Netflix ya kuchangia na dada yangu, tamthilia za Kituruki YouTube, na Simba na Yanga wakikutana, link hutumwa kwenye grupu. Je, nadaiwa au sidaiwi? Nikipigwa faini viza yangu inaguswa? Na huyo afisa akigonga niko peke yangu, nimetoka zamu ya usiku, nimfungulie?

BiZena_Leicester alijibu:

Marahaba mwanangu Neema, pole na zamu. Mimi ni mtu wa Tanga. Hapa niliingia wanangu wakiwa wa chekechea, sasa mkubwa ana mtoto wake. Ijumaa baada ya sala hukaa kwenye kile chumba kidogo cha kituo chetu cha jamii nikiwasomea watu barua zao, za halmashauri, za hospitali, za shule. Hizi za leseni nazijua kwa bahasha tu, kabla haijafunguliwa. Nitakujibu kwa kirefu, univumilie.

Kwanza ujue unacholipia. Wengi wanadhani unalipia lile dude la ukutani, wengine wanadhani unadaiwa ukiangalia BBC peke yake. Sivyo. Sheria ya mawasiliano ya 2003 na kanuni zake zinataka kujua unafanya nini: unaangalia au unarekodi kipindi cha televisheni wakati uleule kinaporushwa? Kama ndiyo, leseni inakuhusu, chaneli yoyote, ya nchi yoyote, kwa kifaa chochote, hata simu yenye kioo kilichopasuka. Kisha kuna iPlayer, huduma ya BBC ya kuangalia vipindi mtandaoni: tangu tarehe 1 Septemba 2016, hata ukifungua humo kipindi cha wiki iliyopita unatakiwa uwe na leseni. Netflix ya filamu na tamthilia haihitaji. Video za YouTube zilizokwisha pandishwa hazihitaji. Redio haihitaji tangu 1971. TV yako ukiiacha ukutani imezimwa kama pambo, hudaiwi hata senti.

Kwa hiyo Waturuki wako hawana kesi. Wenye kesi ni Simba na Yanga. Ukifungua ile link mpira ukiwa unachezwa, na mpira huo unarushwa na kituo cha televisheni kule nyumbani, sheria ya hapa inakuhesabu sawa na Mwingereza aliyekaa kwenye kochi lake anaangalia fainali ya Kombe la FA. Hapa ndipo watu wetu wengi wanapoteleza. Alinijia mzee mmoja wa Mombasa, ameapa kwa jina la Mungu kwamba haangalii TV ya Waingereza, na ni kweli haangalii. Ila taarifa ya habari ya saa moja usiku ya Nairobi huwa mubashara YouTube, na kwa saa za hapa wakati wa baridi ni saa kumi jioni. Tangu mkewe afariki hajaikosa. Anateremsha pazia, anaweka kahawa, simu ameiegemeza kwenye kopo la sukari. Nilipomwambia hiyo nayo inataka leseni alinitazama kama nimemtukania wazazi. Nikamwambia, baba, isubiri imalizike, iangalie saa kumi na mbili ikishapandishwa, hakuna atakayekudai. Akanijibu habari iliyolala haina ladha. Siku hizi analipa.

Bei: Aprili 2025 ilipanda kutoka pauni 169.50 hadi 174.50 kwa mwaka, na kawaida mabadiliko huja kila Aprili, kwa hiyo hakikisha kwenye tovuti ya hao wa leseni, TV Licensing, kabla hujalipa. Kitu kinachowashtua wageni ni kwamba ukichagua kukatwa benki kila mwezi, leseni ya kwanza inakatwa kwa miezi sita, yaani kwa bei hiyo ya 2025 karibu pauni 29 kwa mwezi. Inayofuata ndiyo hushuka ikawa kama 14 na nusu. Watu huiona ile 29 wakadhani wameibiwa, wakafunga, halafu wakaanza kusakwa kwa deni. Kama mfuko umebana sana kuna mpango maalumu wa kulipa kidogo kidogo kwa mwaka mzima, uwapigie uulizie.

Nyumba yenu: kwa kuwa kila mmoja ana mkataba wake, kila chumba kinahesabiwa kwake. Leseni ya dada wa Kerala haikufuniki wewe wala kaka wa Ghana. Mngekuwa mmesaini mkataba mmoja wote watano, moja ingewatosha. Ile TV ya sebuleni mwandikieni mwenye nyumba, kwa maandishi si kwa mdomo, awaambie ni ya nani. Kama ni yake aikatie leseni au aing'oe.

Binamu yako wa Birmingham anakupeleka pabaya. Leseni ya nyeusi na nyeupe ipo kweli, pauni 58.50 kwa bei ya 2025, imebaki tangu walipoanzisha ya rangi mwaka 1968. Lakini simu yako ina rangi na laptop yako ina rangi. Ukinaswa unaangalia mubashara kwa kifaa cha rangi, karatasi ile haikusaidii chochote.

Sasa afisa. Huyu si polisi. Hana mamlaka ya kuingia kwako bila hati ya upekuzi kutoka kwa hakimu, na hati hizo si jambo la kila siku. Hulazimiki kumfungulia, hulazimiki kumtajia jina, hulazimiki kujibu. Unaweza kusema kwa adabu kabisa, "Asante, sina la kusema," ukafunga mlango ukalala. Najua mtu wa kwetu anasikia haya kufunga mlango mtu akiwa bado amesimama. Nitakusimulia kwa nini uizoee hiyo haya.

Kuna mama mmoja wa Pemba, mwenzangu wa msikitini, alikuwa akiwalea wajukuu mchana binti akiwa kazini. Siku ya mvua akagonga kijana, kitambulisho shingoni, koti linachuruzika. Kwetu mtu hamwachi mwenzake mlangoni na mvua ile. Akamwambia ingia mwanangu. Kijana akakaa ukingoni mwa kiti, akaletewa chai ya maziwa na visheti. Katuni zinaimba kwenye TV, wajukuu wamekaa chini. Akauliza kwa upole, hii mnaangalia kila siku? Mama akacheka, akasema kila siku, wanapenda mno hawa. Kijana akamsomea maneno fulani kutoka kwenye fomu, ya kisheria, kwa haraka, naye Kiingereza chake ni cha sokoni na cha hospitali. Akamwonyesha pa kusaini. Mama akainuka kwenda jikoni kuchukua miwani yake, akarudi, akasaini. Akamfungia na visheti vya njiani.

Yale maneno ya haraka yalikuwa onyo, lile la kwamba utakachosema kinaweza kutumika mahakamani. Ile saini ilikuwa ya kukiri kosa. Baadaye ikaja bahasha nene ya mahakama, naye akaiweka kwenye droo pamoja na kuponi na dawa za presha, akidhani ni zilezile barua za kila siku. Bahasha ile unapewa siku 21 kuijibu. Kesi hizi siku hizi haziendi kwenye ukumbi wenye watu: hakimu mmoja na mshauri wake wa sheria wanasoma karatasi, wanaamua, wewe hupo. Usipojibu unahukumiwa bila neno lako hata moja. Sheria inaruhusu faini hadi pauni 1,000, na gharama juu yake. Yake haikufika huko, lakini faini na gharama pamoja zilipita bei ya leseni, na leseni yenyewe akanunua vilevile.

Takriban robo tatu ya wanaotiwa hatiani kwa kosa hili ni wanawake. BBC wenyewe walilichunguza jambo hilo, mara ya kwanza 2017 na tena 2023, na sababu wanazozitaja si za ajabu: wanawake ndio wanaokuwa nyumbani, ndio wanaofungua mlango, na ndio wengi wanaoishi peke yao na watoto. Mimi naongeza moja ambayo kwenye ripoti hutaiona. Wanawake wa kwetu tumelelewa kumkaribisha mtu. Mwanamume wa Kipemba angemjibu kwa dirishani.

Faini na viza. Kosa hili ni la jinai hapa England, ingawa haliingizwi kwenye daftari la polisi kama wizi au kupigana. Faini yake pekee si kitu cha kukufukuzisha nchi. Lakini fomu za kuomba ukaazi wa kudumu zinauliza kama umewahi kutiwa hatiani mahakamani, na hapo ukiandika "hapana" na ilikuwa "ndiyo", uongo huo ni mzito kuliko faini yenyewe. Ikikutokea, mwone wakili wa uhamiaji mwenye leseni, si mtu wa grupu.

Ushauri wangu kwako: chagua. Kama huwezi kuishi bila Simba na Yanga mubashara, lipa. Kama unaweza kuangalia marudio, ingia kwenye tovuti yao, jaza tamko kwamba huhitaji leseni. Barua zitapoa kwa kama miaka miwili, ingawa wana haki ya kutuma mtu kuhakikisha. Usichofanya ni kujaza tamko halafu jumamosi ukafungua link.

Otonglo_Luton alijibu:

Bi Zena heshima yako, lakini unawatisha watoto bure. Mimi nimeishi Luton miaka na mikaka na sijawahi kuwapa hao jamaa hata shilingi. Barua zikija zinaenda moja kwa moja kwa pipa la karatasi. Niliwaandikia kuwaondolea ruhusa ya kukanyaga njia ya mlango wangu, na hiyo ni haki yangu kisheria, wakanyamaza. Watu wanaogopa barua yenye haina hata jina!

Na tuulizane ukweli, hiyo BBC inayokula hela ya leseni ni ya kina nani? Milionea wa Chelsea na msafishaji wa uwanja wa ndege hapa Luton wanalipa bei ileile. Hiyo ni kodi gani? Wazee wa zaidi ya miaka 75 walikuwa wanapata bure tangu 2000, wakanyang'anywa Agosti 2020, sasa ni wale tu wanaopokea ile nyongeza ya pensheni ya maskini. Ndiyo maana raia wenyewe wamegoma. Hesabu za BBC za 2024/25 zilisema karibu nyumba moja kati ya nane inayopaswa kulipa hailipi, na zingine zaidi ya milioni tatu zimetangaza hazihitaji. Mimi na nyinyi ndio tukimbilie kulipa ndiyo tuonekane watu wazuri?

BiZena_Leicester alijibu:

Kaka Otonglo, karibu, nilikuwa nakungoja maana uzi kama huu haukosi mtu wa Luton.

La usawa nakuunga mkono mia kwa mia. Ada ya aina moja kwa tajiri na fukara ni ada mbaya, na kwamba mtu anapelekwa kwenye mahakama ya jinai kwa sababu ya katuni za wajukuu, hilo silielewi hadi leo. Ukikosa kulipa umeme unadaiwa kama mdeni. Ukikosa hii unakuwa mhalifu. Mwaka 2015 wakili mmoja mkubwa, David Perry, alipewa kazi na serikali kulitazama, akasema kwa mfumo uliopo adhabu ya jinai ibaki. Imebaki. Mkataba wa kifalme wa BBC unaisha mwisho wa 2027 na bado wanabishana itakuwaje baada ya hapo. Mimi nikiulizwa nitasema wakate kwenye kodi kwa kadiri ya kipato.

La kuondoa ruhusa ya mlangoni nalo ni kweli, mtu anaweza kuandika. Ila haliondoi uwezo wao wa kwenda kwa hakimu kuomba hati.

Lakini hujatuambia unaangalia nini. Maana nimekusoma kwenye uzi wa mpira, kaka, ulikuwa ukihesabu dakika za Gor Mahia kabla mwamuzi hajapuliza. Mtu asiyeangalia mubashara haoni dakika ya 88 ikiwa bado ni ya 88. Wewe una ngozi nene na Kiingereza cha kubishana na afisa hadi achoke. Huyu Neema yuko kwenye viza, mwajiri wake akimwacha anahesabiwa siku za kukaa nchini. Ushauri unaokufaa wewe unaweza kumuumiza yeye.

Na kuhusu BBC ya kina nani, nikukumbushe kitu. Idhaa ya Kiswahili ilianza 1957. Baba yangu pale Chumbageni alikuwa na redio ya betri ndani ya kava la ngozi, na ikifika saa ya London hakuna ruhusa ya kukohoa. Miaka yote hiyo mlipaji alikuwa serikali ya Uingereza, kupitia wizara yao ya mambo ya nje. Kuanzia Aprili 2014 mzigo wa idhaa za dunia ukahamishiwa kwenye ada hii hii ya leseni, ingawa tangu 2016 serikali imerudi kuongeza ruzuku. Kwa hiyo mtu wa Kigoma anayeisikiliza Dira ya Dunia leo, sehemu kubwa analipiwa na majirani zako wa Luton. Si na wewe.

Otonglo_Luton alijibu:

😂😂 Dakika 88 umeniotea. Lakini mtu wa Kigoma asiniletee bili, mimi pia nina watu Siaya wa kutumia pesa. Msimamo wangu ni uleule: mlango ufungwe, na asiyeulizwa kwa jina asijibu.

MwanaMachame_Glasgow alijibu:

Bi Zena shikamoo. Mimi ni mwanafunzi wa uzamili Glasgow. Wenzangu wazungu wa hosteli waliniambia kuna ujanja halali: ukichomoa chaja ukatumia betri ya laptop, huhitaji leseni. Tangu mwaka jana naangalia mpira hivyo, nachaji kwanza hadi mia, mechi ikianza nachomoa. Ni sahihi?

BiZena_Leicester alijibu:

Marahaba mwanangu. Wenzako hawakudanganyi, wameruka kipande cha katikati tu. Sheria inasema kifaa kinachotumia betri yake, kisichochomekwa ukutani, kinafunikwa na leseni ya nyumbani kwako. Mwanafunzi wa Edinburgh anayesoma Glasgow, wazazi wake wana leseni kule Edinburgh, kwa hiyo akichomoa chaja anafunikwa na leseni yao. Nyumbani kwako ni Machame. Mama yako pale Machame hana leseni ya TV ya Uingereza, labda kama hujatuambia.

Kwa hiyo chaja ichomeke tu mwanangu, haibadilishi kitu. Ama ununue, ama uangalie marudio. Ukinunua na ukaondoka kabla ya mwaka kwisha, omba kurudishiwa hela ya miezi kamili iliyobaki. Wanafunzi wengi wanaisahau hiyo hela wakirudi nyumbani.

MwanaMachame_Glasgow alijibu:

Duh. Na nilivyokuwa naitunza ile betri.

Mdau_Köln alijibu:

Niruhusuni niingilie kutoka Ujerumani, maana mnavyolalamika hamjui raha mliyonayo. Huku hakuna cha mubashara wala marudio, hakuna afisa wa kugonga, hakuna kujaza tamko. Tangu 2013 ada ni ya makazi. Una nyumba, unalipa, hata kama ndani kuna mkeka na sufuria peke yake. Tangu Agosti 2021 ni euro 18.36 kwa mwezi. Nilipofika nilijiandikisha makazi yangu manispaa kama kila mtu, na haukupita muda barua ikanifuata yenye jina langu kamili, herufi zote zimeandikwa sawa, jambo ambalo hata kazini walikuwa hawajaliweza. Nikawajibu sina TV. Wakajibu kwa heshima kwamba hawajaniuliza kama nina TV.

Faida yake ni kwamba mkiishi wanne nyumba moja mnalipa moja, mnagawana. Na anayeishi kwa msaada wa serikali anaomba msamaha wa ada. Kukwepa ni kugumu, kwa sababu wanapata taarifa zako manispaa. Wapo wanaogoma kwa hoja za kisiasa, wachache hata wamewekwa ndani kwa kukataa kutaja mali zao deni lilipofika kwa mkusanya madeni.

Cha kuchekesha, mimi hapa Köln nalipa kila robo mwaka, na DW Kiswahili ninayoisikiliza hailipiwi na ada hiyo. DW inalipwa na bajeti ya serikali kuu ya shirikisho. Kwa hiyo nalipia vipindi vya upelelezi vya Jumapili usiku ambavyo mke wangu ndiye anayeviangalia.

Neema_Northampton alijibu:

Bi Zena Mungu akuzidishie. Wengine wote pia asanteni, hata wewe kaka Otonglo.

Mwenye nyumba tumemwandikia, amejibu kwamba TV ya sebuleni aliiacha mpangaji wa zamani na tunaweza kuichukua. Kaka wa Ghana ameing'oa, iko chumbani kwake, sasa ni shauri lake na leseni yake. Mimi nimejaza tamko la kutohitaji, na nimejitoa kwenye grupu la link. Matokeo nitaambiwa na mdogo wangu kwa simu.

Swali moja la mwisho. Siku moja moja nikienda kwa mgonjwa wangu, bibi mmoja wa miaka 91, ananiambia keti tuangalie wote mashindano ya kucheza muziki ya Jumamosi. Hapo natenda kosa? Na nikihama nyumba hii, tamko linanifuata?

BiZena_Leicester alijibu:

Kwa bibi kaa uangalie bila wasiwasi. Pale ni kwake, TV ni yake, leseni inafunika nyumba yake pamoja na wageni na watunzaji wanaokaa naye kuangalia. Ila kwa umri wa 91, mwulize mwanawe kama bibi anapokea ile nyongeza ya pensheni aliyoitaja Otonglo. Kama anapokea na bado anakatwa hela ya leseni, kuna haki yake imelala. Wapo wazee wengi wa hivyo, wanaendelea kulipa kwa kuwa hakuna aliyekaa nao chini kujaza fomu.

Tamko halikufuati, linabaki na anwani. Ukihama, jaza jipya kwa chumba kipya wiki ileile, ama sivyo utaanza tena na "mkaaji halali". Na ile barua pepe ya kuthibitisha waliyokutumia usiifute, ihifadhi na namba yake ya kumbukumbu. Afisa akija, huna haja ya kujieleza, ila ikifika bahasha ya mahakama kwa makosa unakuwa na cha kuambatisha. Bahasha ya mahakama, Neema, ifungue siku hiyohiyo. Usipoielewa ipige picha unitumie faragha, ila jina na anwani uvifunike kwa kidole kwanza.

Kaka wa Ghana mwambie mimi nipo Ijumaa, kituo kinafungwa saa kumi na moja.